Mwalimu wa tuisheni: angalia kalamu iko mkononi mwa nani

Kwenye soko la tuisheni karibu kila mwalimu anajua kueleza. Mzazi anaketi pembeni siku ya somo la kwanza, anasikia maelezo yanatiririka, anamwona mtoto akitikisa kichwa kwamba ameelewa, analipa mwezi mzima. Wiki sita zinapita na alama ziko palepale. Kasoro ilikuwa wazi tangu dakika ya kumi, ila hakujua pa kutazama: kalamu ilikuwa mkononi mwa mwalimu, mtoto akawa mtazamaji.

Tathmini hii inahusu huduma yenyewe, yaani njia za kumpata mwalimu wa kumfundisha mtoto peke yake: kila njia inakupa nini kwa unacholipa, inaharibikia wapi, na somo la majaribio linasomwaje.

Kinachoahidiwa na kinachopatikana

Sifa kubwa ya tuisheni ya mtu kwa mtu ilitokana na makala ya mtafiti wa elimu Benjamin Bloom ya mwaka 1984. Mwanafunzi wa wastani aliyekuwa na mwalimu wake mwenyewe aliwapita wanafunzi 98 kati ya 100 waliofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Tokeo hilo linanukuliwa hadi leo kwenye matangazo, na kinachosahaulika ni masharti yake: wanafunzi wale walipimwa mara kwa mara, makosa yao yakarekebishwa, na hawakuvushwa kwenda mada ya mbele kabla ya kuimudu waliyokuwa nayo. Mwalimu anayekuja mara moja kwa wiki na kuanza na "leo tusome nini?" hafanyi kazi hiyo.

Mapitio ya majaribio 96 ya tuisheni yaliyotolewa mwaka 2020 yalileta picha ya kawaida zaidi. Faida ipo, tena ni kubwa ukiilinganisha na mipango mingine mingi ya elimu, lakini inalingana na kumchukua mtoto aliye katikati kabisa ya kundi na kumfikisha mahali pa kuwapita wenzake kama 64 kati ya 100. Walimu na wasaidizi waliofunzwa walifanya vizuri kuliko watu wa kujitolea na wazazi. Education Endowment Foundation, taasisi ya Uingereza inayopima mbinu za elimu, nayo inakadiria kuwa tuisheni ya mtu kwa mtu inaongeza maendeleo ya wastani wa miezi 5 kwa mwaka, na ile ya kikundi kidogo miezi 4. Angalia hiyo tofauti ya mwezi mmoja. Watoto watatu wenye pengo lilelile wakikaa meza moja na mwalimu mzuri, kila familia inalipa theluthi na kupoteza kidogo sana. Ni ajabu namna wazazi wachache wanavyoliuliza hilo.

Taasisi hiyohiyo inasema vipindi vifupi vya kama dakika 30, mara 3 hadi 5 kwa wiki, kwa wiki zisizozidi 10, ndivyo vinavyoelekea kuleta matokeo bora. Soko linauza kinyume chake: saa mbili Jumamosi, mwaka mzima. Mwalimu hapendi kusafiri kwa ajili ya nusu saa, na mzazi hana nafasi siku za kazi. Ukishindwa kabisa kupata vipindi vifupi, igawe saa mbili ziwe siku mbili za saa moja. Mtoto wa miaka 7 hadi 9 usimkalishe zaidi ya dakika 45; baada ya hapo unalipia kupiga miayo.

Kabla hujamtafuta mtu

Chukua mitihani miwili ya mwisho iliyosahihishwa, kaa na mtoto, na kila alama iliyopotea ipangeni kwenye mojawapo ya mafungu matatu. Fungu la kwanza ni maswali ambayo hata akipewa siku nzima hayawezi. La pili ni yale anayoyapata sasa hivi akirudia kwa utulivu bila msaada. La tatu ni aliyoyaacha kwa sababu muda uliisha au hakuelewa swali lilitaka nini. Hesabu alama, usihesabu maswali, maana swali moja la alama 10 lina uzito kuliko mengi ya alama moja.

Fungu la kwanza likibeba zaidi ya nusu, kuna mada zilizompita, na unahitaji mtu wa kurudi nyuma naye, pengine madarasa mawili. La pili likiwa ndilo kubwa, kumlipa mtu afundishe upya ni hasara: mtoto anajua, anachokosa ni mazoezi na tabia ya kukagua kazi yake, na hapo hata mwanafunzi wa chuo anatosha. La tatu likitawala, chunguza kwanza namna anavyosoma.

Kusoma ndiko kunakojificha nyuma ya "hesabu zinamsumbua." Chagua kifungu cha maneno 100 kwenye kitabu cha darasa lake ambacho hajakisoma. Akisome kwa sauti, na wewe uweke alama kwa kila neno analokosea au kuliruka. Makosa yakizidi 10, kitabu hicho ni kigumu mno kwake, na hakuna mwalimu wa hesabu atakayemwokoa kwenye maswali ya maneno. Akikosea machache lakini hawezi kukusimulia alichosoma, tatizo ni ufahamu. Mtoto anayekodoa macho kuona ubao, au anayeomba kurudiwa kila sentensi, apimwe macho na masikio kabla ya yote. Na panapokuwa na dalili za disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma maneno, tafuta aliyefunzwa hasa kufundisha kusoma kwa kufuata sauti za herufi hatua kwa hatua. Mwalimu wa kawaida atamwongezea tu kurasa za kusoma, na mtoto atazidi kuchukia vitabu.

Ukishamaliza, andika ombi lako kwa mistari mitano. "Mtoto anahitaji msaada wa hesabu" litaitikiwa na kila mtu. "Darasa la tano, anashindwa kutoa kwa kukopa, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, na maswali ya maneno; Jumanne na Alhamisi, dakika 45" litawapunguza waombaji, na watakaobaki ndio unaowataka.

Njia zenyewe

Mwalimu wa shule aliye kazini anajua muhtasari, anajua msahihishaji anatafuta nini, na ameshayaona makosa ya mtoto wako kwa mamia ya watoto wengine. Udhaifu wake ni uchovu. Anafika jioni akiwa ameshasimama darasani mchana kutwa, na wengi huhamishia mezani mtindo wa ubaoni: wanaeleza, wanatoa mfano, wanatoa zoezi, wanaaga. Usimwajiri mwalimu anayemfundisha mtoto wako darasani. Hata pale kanuni za shule zisipokataza, umemweka mahali pabaya, maana atamsahihishia mtihani mtoto ambaye mzazi wake anamlipa pembeni, na mada ikieleweka vibaya darasani ndipo kazi yake ya jioni inapopatikana.

Mwanafunzi wa chuo gharama yake ni ndogo, ana nguvu, na kijana wa sekondari humsikiliza kuliko anavyomsikiliza mtu wa umri wa baba yake. Kwa hisabati na sayansi za madarasa ya juu anaweza kuwa chaguo zuri kabisa. Shida mbili zinajirudia. Ya kwanza: yeye mwenyewe alielewa upesi, kwa hiyo mtoto akikwama anarudia maelezo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Ya pili ni kalenda. Mitihani yake mara nyingi inaangukia karibu na mitihani ya mtoto, na wiki unayomhitaji zaidi ndiyo anayotoweka. Mwombe ratiba yake ya mitihani kabla ya kukubaliana lolote.

Mwalimu mstaafu, kwa watoto wa msingi, ndiye ningemtafuta kwanza. Ana subira, yuko huru mchana, na hana haraka ya kuonekana hodari. Hakikisha tu ameuona mtaala unaotumika sasa. Mpelekee kitabu cha mtoto, mwulize: "Mwalimu, mada hii wanaifundisha hivi siku hizi, wewe utaifundishaje?" Anayejibu kwamba njia ya zamani ni bora, basi, atamchanganya mtoto. Njia mbili za kugawanya kwenye kichwa kisichokomaa huzaa ya tatu isiyo sahihi.

Vituo vya tuisheni usivitathmini kwa jina la kituo. Uliza idadi ya watoto kwa mwalimu mmoja kwenye kipindi cha mtoto wako, na uliza watoto hao wamepangwa kwa umri au kwa pengo. Watoto 4 waliopangwa kwa pengo ni tuisheni. Watoto 15 waliopangwa kwa umri ni darasa la pili, na mtoto aliyekwama kwenye lile la shule atakwama na hili.

Wakala anakuuzia mambo matatu: kutafuta, kuhakiki, na kukupa mwingine wa kwanza akishindwa. La kutafuta unaliweza mwenyewe. La kuhakiki ndilo la kudadisi. Neno "amehakikiwa" linaweza kuwa na maana kwamba wakala amepiga simu kwa wadhamini wawili na kuona vyeti halisi na hati ya polisi, au kwamba mwalimu amepakia picha ya kitambulisho. Uliza ni lipi kati ya hayo, na uombe jibu kwa maandishi. La kubadilishiwa lina thamani endapo mkataba unataja siku: ndani ya siku ngapi, mara ngapi, na masomo uliyokwisha lipia yanahamaje. Wakala anayedai ada ya usajili isiyorudishwa kabla hujaona jina hata moja, achana naye. Kadhalika anayekuhakikishia alama. Hakuna aliye mkweli anayeweza kukuahidi alama za mtoto ambaye hajakaa naye.

Majukwaa ya mtandaoni yanatoa uchaguzi mpana na bei zilizo wazi. Nyota zake hazisaidii sana, maana karibu wote wana nyota zilizojaa. Soma idadi ya masomo yaliyofundishwa na uigawe kwa idadi ya wanafunzi. Mwalimu mwenye masomo 900 na wanafunzi 30 ana wanafunzi wanaokaa naye. Mwenye masomo 900 na wanafunzi 400 anawapoteza baada ya somo la pili. Jua pia pesa inakwendaje. Preply, kwa mfano, inachukua malipo yote ya somo la kwanza la majaribio, kisha kamisheni inayoanzia asilimia 33 na kushuka hadi 18 kadiri mwalimu anavyozidi kufundisha. Kwa hiyo kwenye somo la kwanza mwalimu hapati kitu na ana kila sababu ya kulifanya liwe la kukupendeza. Lichukulie kama tangazo, na uamuzi uufanye baada ya somo la tatu. Majukwaa mengine yanakuingiza kwenye usajili unaojilipa kila mwezi ili tu uweze kuwaandikia walimu. Ukishampata wako, nenda siku hiyohiyo ukausitishe.

Halafu kuna programu za bure na akili mnemba. Khan Academy, iliyosajiliwa mwaka 2008 baada ya Sal Khan kuanza kwa kumfundisha binamu yake kwa mbali, ni nzuri kama chanzo cha mazoezi kati ya kipindi na kipindi. Haimtambui mtoto anayebahatisha. Kuhusu akili mnemba, jaribio lililofanywa Uturuki na wanafunzi wa sekondari wapatao elfu moja linatosha kuongoza uamuzi. Waliopewa GPT-4 ya kawaida kwenye mazoezi ya hisabati walifanya mazoezi vizuri zaidi kwa asilimia 48, kisha ilipoondolewa, kwenye mtihani walifanya vibaya kuliko wenzao wasioitumia kabisa, kwa asilimia 17. Toleo lililozuiwa kutoa majibu, likitoa vidokezo tu, halikuleta madhara hayo. Ni kisa kilekile cha kalamu, safari hii imeshikwa na mashine.

Saa ya majaribio

Mlipe mwalimu somo la majaribio hata akisema ni la bure. Unayemlipa unaweza kumwekea masharti. Sharti ni moja: siku mbili kabla, mpelekee picha ya kurasa mbili za mtihani wa mtoto zenye makosa, na mwombe aanzie hapo. Keti mahali unapoona meza bila kuingilia. Usishike simu. Shika karatasi yenye mistari miwili, mmoja wa mwalimu na mmoja wa mtoto, na kila baada ya dakika moja weka tiki kwa aliyeshika kalamu au anayezungumza.

Kwenye kipindi cha dakika 45, tiki za mtoto zikiwa chini ya 20, huyo ni mhadhiri. Zikiwa 30 na zaidi, endelea kumsikiliza.

Sasa tazama kinachotokea mtoto akikosea. Tuseme ameandika 503 − 278 = 375. Mwalimu dhaifu anasema "umesahau kukopa," anachukua penseli, anaonyesha, mtoto anatikisa kichwa. Mwalimu anayejua kazi anasema "nionyeshe ulivyofanya, polepole," ananyamaza. Kwa nini? Kwa sababu 375 inaweza kutoka kwa watoto wawili tofauti kabisa. Mmoja anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa popote zilipo: 8 kutoa 3 ni 5, 7 kutoa 0 ni 7, 5 kutoa 2 ni 3. Huyo hajui kukopa kabisa. Mwingine anajua: mamoja ameyafanya 13 kutoa 8 akapata 5, ila alipofika kwenye sifuri hakukuta cha kukopa, akaandika 7 na kuendelea. Jibu ni lilelile hadi tarakimu ya mwisho.

Mwalimu mzuri atawatenganisha kwa swali moja dogo, kwa mfano 41 − 17. Wa kwanza ataandika 36, wa pili atapata 24. Wa kwanza anarudishwa kwenye mafungu ya kumi, njiti au maharage mezani, mpaka aone kwamba 41 ni makumi 3 na mamoja 11. Wa pili anahitaji dakika kumi tu za kuiandika 503 kama mamia 4, makumi 9 na mamoja 13, na 225 inatoka yenyewe. Ukiona mwalimu ameuliza hilo swali dogo kabla ya kueleza chochote, umepata mtu. Hata kama anazungumza kwa kusitasita na mavazi yake hayakuvutii.

Pima na ukimya. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa miaka ya 1970, alikuta walimu wakisubiri kama sekunde 1 baada ya kuuliza swali. Walipoongeza hadi 3 na zaidi, majibu ya wanafunzi yakawa marefu na bora. Hesabu kimoyomoyo. Mwalimu anayejaza kila ukimya kwa dokezo anamfundisha mtoto kwamba akikaa kimya vya kutosha, jibu litakuja.

Mwisho wa saa usimwulize mtoto kama amempenda mwalimu. Atasema ndiyo ili yaishe. Subiri kesho yake, mpe swali moja linalofanana na la jana lenye namba nyingine, bila daftari. Mwalimu naye mwulize swali moja tu: "Mwalimu, umeona nini?" Anayejibu "mtoto ana akili, anahitaji tu juhudi" hakuona kitu. Unayemtaka atataja kosa kwa jina lake na kukuambia masomo matatu yajayo yatagusa nini.

Somo likiwa la mtandaoni, kipimo hakibadiliki, vifaa ndivyo vinavyobadilika. Kamera ya uso haina faida kwa hesabu. Weka simu juu ya rundo la vitabu, kamera ikitazama chini kwenye daftari, na kompyuta iwe ya kumwona mwalimu. Simu iingie kwenye mkutano kama mshiriki wa pili, sauti yake imezimwa, la sivyo mtasikia mwangwi. Mtoto asiandike kwa kipanya: kuandika ½ + ⅓ tu kunamla dakika nzima. Akaunti ya bure ya Zoom inakata mkutano kwenye dakika 40, kwa hiyo ama panga kipindi cha dakika 35, ama jueni mapema kwamba mtaingia upya kwa kiungo kilekile.

Makubaliano na usalama

Lipa kwa mafungu ya masomo 4, usilipe muhula. Andikeni, hata kwa ujumbe wa simu: siku na saa, kughairi chini ya saa 24 kunalipiwa na nani, mwalimu akichelewa dakika hizo zinafidiwa lini, nauli iko ndani au nje, na nani ananunua vitabu. Linalosahaulika zaidi ni likizo za shule. Wengine huendelea kuhesabu, wengine hawaji, na ugomvi unaanzia hapo.

Omba kuona cheti halisi na wadhamini wawili wa familia alizofundisha ndani ya mwaka uliopita, na uwapigie. Swali la kuwauliza ni "kwa nini mliacha?" Somo lifanyike sebuleni au chumba chenye mlango wazi, mtu mzima mwingine akiwa nyumbani. Ujumbe wote upite kwenye simu ya mzazi au kundi ambalo mzazi yumo, bila mazungumzo ya siri kati ya mwalimu na mtoto, bila zawadi za kufichwa. Mwalimu mwenye uzoefu huyataja masharti haya kabla yako, kwa sababu yanamlinda na yeye. Anayeudhika ukiyataja, muage.

Baada ya masomo sita

Daftari la tuisheni liwe moja, la peke yake, na kila ukurasa uwe na tarehe. Kipindi kianze kwa maswali matano ya mada za nyuma, bila kufungua daftari. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliojipima walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliorudia kusoma tu, na dakika za maswali hayo zina thamani kuliko dakika nyingine zozote za saa hiyo.

Baada ya somo la sita mpe mtoto upya zile kurasa mbili za mtihani ulizompelekea mwalimu kabla ya majaribio, namba zimebadilishwa. Usisubiri alama za muhula: mtihani wa shule unapima mada nyingi ambazo mwalimu hakuajiriwa kuzigusa, na unaweza kumfukuza mtu anayefanya kazi au kumshikilia asiyefanya. Fungu la kwanza limepungua? Endelea. Halijatikisika? Fungua daftari uangalie mwandiko. Nusu ya kurasa zikiwa kwa mwandiko wa mwalimu, sababu umeiona.

Kosa jingine linafichwa na alama nzuri. Kazi za nyumbani zinarudi na tiki tupu, mtihani wa darasani unarudi na nusu. Maana yake tuisheni imegeuka huduma ya kufanyiwa homuweki: mtoto anangoja Jumanne ifike, mwalimu "anamwongoza" kila swali, kila mtu anafurahi mpaka siku ya mtihani. Dawa yake ni kwamba homuweki ya shule ijaribiwe kabla mwalimu hajafika, kwa penseli, na mwalimu aguse tu maswali ambayo mtoto ameyazungushia duara mwenyewe. Wiki ya kwanza kutakuwa na machozi na maduara mengi. Wiki ya tatu maduara yapungue. Yasipopungua, mada za nyuma hazijafundishwa.

Yuko pia mwalimu anayekimbia mbele ya darasa. Mtoto anajisikia bingwa, halafu anaacha kusikiliza shuleni kwa kuwa "tulishasoma." Mbele ya darasa kwa wiki moja kunatosha.

Ukiamua kumwachisha, mpe notisi ya masomo mawili na umlipe yote. Kwenye la mwisho mwombe aandike kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari: mada zilizokamilika, mada iliyofunguliwa haijaisha, na kosa ambalo mtoto bado analirudia. Daftari hilo ndilo utakalompelekea mwalimu anayefuata siku mbili kabla ya somo lake la majaribio.